Kiganja Mgongoni kwa Ridhwan

Saa saba mchana duka la kubadilisha fedha pale katikati ya jiji lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Nyuma ya kioo alikaa Shahida, buibui lake lina nakshi za dhahabu mikononi, mtandio wa zambarau umemkaa utadhani kazaliwa nao. Kijana mmoja mrefu akapenyeza noti zake. Shahida akawasha taa ya kukagulia noti bandia. Noti zilikuwa safi, ila vidole vilivyozishika viliwaka kijani.

"Kaka, fedha yako ni halali. Wewe ndiwe bandia."

"Ni vumbi la kazi, dada. Nasomea kemia. Natengeneza vitu vya kuwaka kwenye skrini za simu." Akatabasamu. "Naitwa Ridhwan, kama unaandika ripoti."

Ripoti haikuandikwa. Nambari ya simu iliandikwa.

Tangu hapo, kila jioni simu zililia baina ya mtaa wa Satellite kwa kina Shahida na mtaa wa Mountain View alikopanga Ridhwan.

"Leo mmefanya nini, mahabubu?"

"Tumepinda molekuli."

"Zimewakosea nini?"

"Zilikuwa bapa mno. Za bapa hulaliana kama chapati kwenye sufuria, zikabanana, zikanyang'anyana mwanga, skrini ikafifia. Tunaziumba upya kama panga za feni. Zinakaa jirani, lakini kila moja ina nafasi yake. Hapo ndipo zinapong'aa."

"Tunaziumba, tunazipinda. Wewe na nani?"

"Mimi na Wavinya."

Jina hilo lilikuwa mwiba kooni. Wavinya, mwenzake wa maabara, kutwa naye kwenye chumba cha giza! Mara tatu Shahida alikata simu kwa sababu ya jina hilo, na mara tatu Ridhwan alibembeleza hadi sauti ikakauka. Hata hivyo walipendana, na wazee wa Ridhwan, wakiongozwa na ami yake, wakapanga kuja Ijumaa kuposa.

Jumatano jioni Ridhwan alimpitia dukani amsindikize nyumbani, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Shahida, kwa mchezo wao wa kila siku, akammulika kwa tochi ya noti. Kola, safi. Mikono, safi.

"Geuka, bwana harusi."

Akageuka. Katikati ya mgongo kiliwaka kiganja kizima, vidole vitano vyembamba, kijani kibichi.

"Nani kakushika mgongo?"

"Mgongo? Hakuna mtu."

"Hakuna?"

"Wallahi Shahida, twende, tumechelewa."

Shahida alizima tochi, akachukua mkoba wake, akaenda peke yake. Nyumbani hakula.

"Mama, waambie wasije."

"Posa si mkate, mwanangu, kwamba utaurudisha dukani," mamake alisema. "Kafanya nini?"

"Ana mkono wa mwanamke mgongoni na anaapa hauko."

Alhamisi simu ililia, nambari ngeni.

"Sasa Shahida. Ni Wavinya. Huo mkono ni wangu."

Shahida alihisi masikio yanachemka. "Na unanipigia kunitangazia?"

"Nakupigia juu huyu mtu wako analia kwa maabara na ananiharibia sampuli. Msichana, miaka miwili tuko naye kwa giza. Kama ningemtaka, ungemkuta wapi? Kuja ujionee."

Alikwenda. Alivaa kama anayekwenda vitani: wanja wa nguvu, udi, viatu vya kisigino vilivyogonga korido nzima. Wavinya, mfupi, mcheshi, koti jeupe limejaa madoa, alimfungulia mlango akajiondokea.

Ridhwan alisimama, macho mekundu.

"Alinipiga kofi la furaha Jumatano asubuhi. Kioo chetu kiliwaka kwa mara ya kwanza, Shahida. Tulipiga kelele kama watoto."

"Kwa nini ulisema hakuna? Ukaapa na kuapa!"

"Nikitaja Wavinya unakata simu. Nilitaka posa ipite salama kwanza. Nimekosa."

"Umekosa," alisema Shahida. Kisha, polepole, "Na mimi nimekubana hadi huwezi kunihadithia siku yako ya furaha."

Ridhwan alizima taa, akabonyeza swichi. Kwenye giza kigae kidogo cha kioo kikawaka samawati, rangi ambayo Shahida hakuwahi kuiona popote. Lakini yeye hakuangalia kigae. Alimwangalia Ridhwan: midomo wazi, macho yametulia, uso ule ule aliodhani ni wake peke yake.

Wivu ukamchoma upya, mkali kuliko ule wa Wavinya.

"Huyu ndiye," alinong'ona, akikionyesha kigae kinachowaka.

"Nani?"

"Mke mwenza. Nilikuwa namtafuta mahali pengine."

Ridhwan alicheka kicheko cha mtu aliyezuia pumzi siku mbili. "Utamvumilia?"

"Nitamwonea wivu maisha yangu yote, na utanisikia nikisema." Alivuta mtandio, akafuta wanja uliokwisha kumwagika kwa machozi. "Lakini zamu yake iishe saa kumi na moja. Jioni ni zangu. Mpigie ami yako sasa hivi, mwambie Ijumaa iko pale pale. Na useme kila kitu, Ridhwan, hata kofi. Mwambie mama yangu tayari anajua habari ya kiganja."