Breki za Marvin

Haya yalimpata Kageha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Kimumu, Eldoret. Mama yangu ndiye aliyempikia uji zile siku alizokataa kula, kwa hivyo sikuyaokota barabarani.

Ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Kageha alikuwa amelala chali chini ya gari la mwalimu mmoja, mikono imejaa mafuta, akisikiliza kwaya ya kanisa la jirani ikirudia wimbo mmoja kwa sababu wanaume walikuwa wanaukosea pale pale. Ufundi alifunzwa na baba yake, na hapo mtaani hakuna aliyeshangaa tena kumwona mwanamke ndani ya ovaroli. Simu ikalia. Alipoona jina la Thuo aliiacha ilie mpaka ikachoka. Ikaanza tena.

Thuo alikuwa rafiki wa Marvin, na Marvin alikuwa mdogo wake Kageha, kitinda mimba, ambaye Kageha alimlea tangu mama yao afariki. Wawili hao walikuwa na gereji Yamumbi, ya kuongezea magari nguvu. Subaru ya buluu ya Marvin ndiyo iliyokuwa tangazo lao. Siku za kazi aliiendesha mjini kama mtu yeyote, akibeba hata mifuko ya unga ya dada yake. Jumapili alishindana nayo kwenye uwanja wa vumbi, watu wakipanda juu ya miti kumtazama. Injini ilikuwa na turbo kubwa ya kuiongezea nguvu, viti vya nyuma vilikuwa vimetolewa ili iwe nyepesi, na ndani kulikuwa na mabomba ya chuma ya kukinga paa.

Lakini breki zilikuwa kazi ya Kageha. Alikuwa amemwambia Marvin kwamba gari ukiliongezea mbio bila kuliongezea breki, umejichimbia kaburi na kuliwekea usukani. Kwa hivyo alimfungia breki kubwa kwa mikono yake mwenyewe, akatoa hewa yote kwenye mabomba ya mafuta ya breki, maana hewa ikibaki breki hazishiki, akaliendesha gari mteremko baada ya mteremko mpaka roho yake ikatulia. Marvin alizipaka rangi ya manjano. Akacheka, akasema kwa breki hizi atakufa na mvi.

Alikufa mwezi wa tano, alasiri, akirudi kutoka Nakuru. Baada ya Timboroa, ukungu ukiwa umeshuka, gari liliacha barabara kwenye kona likaingia msituni.

Kwenye mazishi kila mtu alikuwa na neno moja. Mbio. Vijana wa Subaru ndivyo walivyo, walisema, hawasikii la mkuu. Hata mhubiri alilisema juu ya jeneza, akiwageukia vijana waliokaa nyuma awaonye. Kageha alisimama katikati ya mahubiri akatoka. Hasira iliyomwingia siku ile haikumtoka tena. Alilala nayo, akaamka nayo. Akiwa anafungua nati alikaza meno kana kwamba nati ndiyo iliyomuua ndugu yake.

Na Thuo akaizidisha. Alilivuta lile gari kutoka msituni, akalinyoosha, akalipaka buluu mpya. Alisema ni kwa ukumbusho wa Marvin. Kageha alimkataza, Thuo akaitikia vizuri na akaendelea.

Sasa ndiye huyu kwenye simu. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Sista, hii gari imenishinda. Kuja uione. Wewe ndio unaijua."

Kageha hakwenda kumsaidia. Alikwenda kumtukana uso kwa uso.

Alifika Yamumbi jua likiwa utosini. Kuku walikuwa wakipekua takataka penye mlango wa gereji. Mafundi hawakuwepo, hata mmoja. Thuo alisema tu kwamba hawaji tena, bila kueleza. Alikuwa amekonda, na hakusimama karibu na Subaru. Aliielekeza kwa kidevu.

Boneti ilikuwa wazi. Betri ilikuwa imetolewa, imewekwa juu ya meza ya kazi, na nyaya zake zilining'inia bila kugusa kitu.

Taa za breki zilikuwa zinawaka.

Kageha alizunguka gari. Akazitazama nyaya tena. Akafungua mlango wa dereva, akainama. Pedali ya breki ilikuwa imekanyagwa mpaka chini kabisa, na hapakuwa na mguu. Alipitisha mkono chini yake akaivuta. Haikusogea. Kisha ikapanda yenyewe, polepole, taa zikazimika. Ikashuka tena. Ikapanda. Ikashuka. Kisha ikaanza kwenda haraka, haraka zaidi, kama vile mtu anavyopampu breki anapokanyaga na kukuta hakuna kitu.

"Tangu lini?" Kageha aliuliza.

"Tangu niirudishe," Thuo alinong'ona.

Ndipo Kageha alipoona kitambaa kimoja. Kilikuwa cheusi, kimefungwa kwenye mhimili wa usukani kwa uzi mwekundu, na ndani yake kulikuwa na manyoya na kitu kigumu mfano wa ukucha. Thuo akamwambia asikiguse. Kulikuwa na mganga ambaye Thuo alimleta kutoka mbali, akakifunga, akamwambia kitamshika yule aliye ndani asifike kwenye viti, mahali pa mtu kukaa. Kikitolewa, yeye hajui kitakachotokea.

Kageha alimgeukia.

"Umemfunga ndugu yangu?"

Alitoa kisu chake cha kukatia mipira, akakata uzi, akakitupa kile kitambaa kwenye matope nje. Thuo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Taa zikazimika. Pedali ikatulia. Nje, kuku waliacha kupekua, wote kwa pamoja, wakasimama wameelekea mlangoni.

Kisha ikaja harufu ya breki zilizoungua, nzito, ya moto. Na gari halikuwa limewashwa.

Mikono ya Kageha ilitaka kufanya kazi, maana bila kazi ingempiga mtu. Aliliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu la mbele. Alipoona kilichokuwa nyuma ya gurudumu alikaa chini.

Breki zilikuwa ndogo. Zile za kawaida, alizozitoa yeye mwenyewe alipofunga kubwa. Thuo alijibu upesi, kabla hajaulizwa: zile kubwa zilivunjika kwenye ajali, akarudisha hizi za zamani wakati wa kulitengeneza gari. Lakini katika mianya yote kulikuwa na matope yaliyokauka, na katikati ya matope majani ya msituni, yamebanwa yakakauka pamoja nayo. Thuo alikuwa amepaka rangi kila mahali ambapo jicho linafika. Nyuma ya magurudumu hakupaka.

Breki hizi ndizo zilizoingia msituni na Marvin.

Kwenye kona ya gereji gari la mashindano la Thuo lilikuwa limefunikwa turubai. Kageha aliinuka, akainua pembe ya turubai. Kati ya vyuma vya gurudumu aliona rangi ya manjano.

Hakupiga kelele. Alishusha lile turubai taratibu, kama anayemfunika mtoto. Alirudisha gurudumu la Subaru, akakaza nati, akafunga betri.

"Ingia," akasema. "Wewe uendeshe. Tunaenda Timboroa."

Spana ya magurudumu alikuwa nayo mkononi, na Thuo aliutazama uso wake, si spana. Akaingia.

Njia nzima hawakusemezana. Walipita Burnt Forest jua likiwaka, wanawake wakiuza viazi na karoti kando ya lami. Breki zilishika vizuri, laini. Thuo alianza kupumua. Walifika Timboroa, baridi ikaingia ndani, wakageuza gari na kuanza kurudi walikotoka, kwa njia ile ile aliyoshuka Marvin.

Ukungu ulitoka kati ya miti mara moja, mweupe kama maziwa. Bado ilikuwa alasiri.

Walipokaribia kona Thuo aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari likaanza kupunguza mwendo.

"Si mimi," akasema.

Mguu wake ulikuwa hewani. Pedali ya breki ilikuwa chini.

Gari lilisimama katikati ya barabara. Injini ikafa. Vioo vikafunga ukungu kwa ndani, vyote, hata cha nyuma, kama gari lililojaa watu wanaopumua. Mahali fulani juu ya mteremko lori lilipiga honi. Ilikuwa mbali bado.

Nyuma yao mkanda wa kiti ulivutwa. Ukafungwa. Tak.

Nyuma hakukuwa na kiti.

Hakuna aliyegeuka. Kageha alisikia harufu ya sabuni aliyokuwa akimnunulia Marvin tangu akiwa shuleni. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu, na ndiyo iliyosema.

"Mwambie."

Thuo aliukumbatia usukani.

"Niliazima tu," alinong'ona. "Nilikuwa na mashindano Jumapili. Ningezirudisha Jumatatu. Sikujua ataenda Nakuru. Nilifunga zile ndogo mvua ikinyesha, sikumaliza kutoa hewa. Nilisema ni za kuzunguka hapa mjini tu. Marvin, niliazima tu."

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Na kwenye mazishi walisema ni mbio. Wewe ulikuwa umeshika jeneza."

Nyuma kitu kilivuta pumzi.

Mlango wa Kageha ukafunguka. Hakuugusa. Honi ya lori ilikuwa karibu sasa. Thuo aliushika mkanda wake, akabonyeza, akabonyeza tena. Haukuachia. Akamgeukia Kageha, na kwa mara ya kwanza tangu Marvin afe walitazamana macho kwa macho.

"Sista. Kisu."

Kisu kilikuwa mfukoni mwa ovaroli. Kageha alikigusa. Aliujua ukali wake. Mkanda ungekatika mara moja. Alishuka. Mlango ukajifunga nyuma yake, taratibu, kwa adabu.

Gari likaanza kuteremka.

Injini haikuwaka. Magurudumu tu, yakinong'ona juu ya lami yenye maji. Lori lilimpita Kageha upande wa pili, dereva akatukana, likapotea. Subaru likaingia katika ukungu. Aliona taa za breki. Zikawaka. Zikazimika. Zikawaka. Haraka, haraka zaidi. Kisha weupe mtupu.

Alisubiri mlio. Alisimama pale, masikio yakimuuma kwa kusikiliza, akisubiri chuma na miti.

Hakusikia kitu.

Alilikuta gari chini ya kona, ndani ya msitu, limeegeshwa kati ya miti miwili ambapo hata mkokoteni usingepita. Halikuwa na mkwaruzo. Thuo alikuwa amekaa, mkanda umefunguka, macho wazi. Alikuwa hai. Hakusema neno, na hajasema mpaka leo. Polisi walipouliza, Kageha alieleza yote, kuanzia breki za manjano. Waliandika kwamba dereva alipata mshtuko.

Thuo sasa yuko kwa mama yake, Yamumbi, si mbali na ile gereji. Anakaa kwenye kiti nje ya nyumba, uso kuelekea barabara ya Nakuru. Mguu wake wa kulia unakanyaga ardhi. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga. Wamejaribu kuufunga. Mahali pale pamekuwa shimo.

Mama yake, Wangeci, alikuja Kimumu siku moja, na mama yangu alikuwepo. Hakulia. Alikataa chai. Alisema amesikia yale ambayo mwanawe alifanya, na hawezi kuyatetea, lakini yeye ni mzazi.

"Msichana wangu," akasema, "wewe ndiye dada yake Marvin. Mwambie asimame."

Kageha alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Alijaribu kusimama, Mama."

Wangeci aliinama, akachukua mkoba wake, akaenda. Usiku ule Kageha alikataa uji tena. Mama yangu alimuuliza kama angeweza kurudi pale barabarani angetoa kile kisu. Alijibu kwamba kila siku anajiuliza, na kila siku jibu ni lile lile, na hilo ndilo linalomkasirisha zaidi.

Jambo ambalo Wangeci alikuwa amekuja kulizungumzia halikuwa mguu wa mwanawe. Ni alama iliyotokea barabarani.

Siku chache baada ya yale, madereva wa malori walianza kuiona pale kwenye kona ya Timboroa: mistari miwili myeusi ya mpira juu ya lami, kama ya gari lililofungiwa breki kwa nguvu zote. Ilielekea Eldoret. Mvua haikuiosha. Mafundi wa barabara walimwaga lami mpya, na lami ilipopoa mistari ilikuwa juu yake. Kisha mtu akagundua kwamba inarefuka. Hakuna aliyewahi kuiona ikichorwa. Asubuhi tu unakuta imesogea, na mwisho wake, ukiugusa, una joto.

Mvua za vuli zilipoisha ilikuwa imepita Burnt Forest.

Jumanne iliyopita muuza maziwa mmoja alimpitia Kageha, akamwambia ameiona alfajiri. Imeacha lami. Imepinda kuingia Yamumbi, kuelekea kwa Wangeci, na pale kwenye vumbi, mahali ambapo mpira hauwezi kuacha weusi wowote, mistari ni myeusi vile vile.