Bakuli Tupu la Mulinge

Kila jioni Nzilani alimpelekea kakake Mulinge chakula chumbani, kisha akarudisha bakuli jikoni. Zamani hawakupelekeana chakula. Hapo kwao Kathonzweni walikuwa wakila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, katika sahani moja, Mulinge akinyakua maharagwe yote na kujitia hajui yamekwenda wapi. Siku hizo zilikuwa tamu, na Nzilani akizikumbuka moyo ulimuuma.

Mulinge alikuwa ameugua saratani ya damu. Hospitalini alipandikizwa seli changa zinazotengeneza damu mpya, na aliyezitoa ni Nzilani mwenyewe. Sasa alikuwa nyumbani, na daktari alikuwa ameonya kwamba asipokula hatapona.

"Kula wewe," Mulinge alimnong'oneza. "Mdomoni mwangu kila kitu kina ladha ya msumari. Mama akiona nimebakisha atalia tena."

Nzilani alimhurumia. Akala mayai na viazi vya kakake, akarudisha bakuli tupu, na Mama akamshukuru Mungu. Mambo yakaendelea hivyo, Nzilani akinenepa mashavu, Mulinge akibaki mifupa.

Siku ya kliniki, mizani haikuficha kitu. Muthoki, mtaalamu wa lishe, akakunja uso.

"Uzito umeshuka. Na mnasema anamaliza chakula? Basi pengine ugonjwa umerudi. Itabidi alazwe tumpime upya."

Mama alishikilia meza. Mulinge akainamisha kichwa. Nzilani aliona aibu, lakini hofu ya kumpoteza kaka ilizidi aibu yake.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikila chakula chake," akasema. "Yeye kinamshinda, anasema kina ladha ya msumari."

Muthoki akavuta kiti karibu na Mulinge. "Kumbe shida ni ladha. Hiyo tunaiweza, matibabu haya huiharibu kwa muda. Utakula kidogo kidogo, mara nyingi, chakula kilichoiva vizuri na kisicholala. Unaweza kuanza na nini?"

Mulinge akafikiri. "Uji wa wimbi na maziwa. Ukishapoa."

Jioni hiyo alikunywa nusu kikombe, akakisukuma kando bila kuficha. Mama alikitazama kile kikombe, machozi yakamlengalenga.

"Wewe Nzilani," akasema, "ulimpa kakako damu, halafu ukamlia mayai yake." Wote wakacheka. Kisha Mama akamvuta karibu.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Msinifiche ukweli eti nisilie. Mimi nikilia nitanyamaza. Lakini ningemzika Mulinge, nani angenirudishia mwanangu?"