Kuni za Jikoni mwa Nyakerario

Nyanchera hakuwa mtu wa kutupa kitu. Lori la kuni za kiwanda cha majani chai likija kwao, pale juu kidogo ya Kenyenya, wapakiaji walichukua magogo yaliyonyooka tu. Yenye mafundo, yaliyopinda kama mguu wa mbuzi, na visiki vilivyoshinda shoka, yote waliyaacha uani. Mwingine angelalamika. Yeye aliyapanga langoni mafungu mafungu, akauza. Wanawake wa kijiji walimtania, "Mama Sharon, wewe hata kivuli cha mti utakiuza!" Naye akicheka, akiwaongezea kijiti kimoja juu, na biashara ikisonga.

Taabu ilianza mvua ya masika ilipokataa kukatika. Kuni zote zikalowa chepechepe. Wateja wakaja, wakagusa, wakasonya, wakaenda zao. Hapo ndipo macho ya Nyanchera yalipotua kwenye jiko la mama mkwe wake.

Lilikuwa kijumba cha udongo nyuma ya migomba. Mwenyewe, Nyakerario, alikuwa amezikwa Januari, hatua chache kutoka mlangoni pake. Na kwao nyumba ya marehemu haibomolewi, huachwa ianguke yenyewe. Onyiego, mumewe Nyanchera, alipokuwa akirudi kazini Nairobi baada ya mazishi, alisema jambo moja tu: "Jiko la mama usiliguse." Lakini jamani, zile nguzo! Zimepinda, ndiyo, lakini zimekula moshi tangu Onyiego akiwa mtoto. Nyeusi, kavu, zinalia ukizigonga.

Akalibomoa. Mchana kweupe, peke yake, kwa shoka na panga. Fungu moja akamuuzia jirani yake, Mama Mose. La pili akalichukua Benter, mama wa hoteli pale sokoni. La tatu hakuliuza. Alimpa binti yake Sharon, aliyekuwa amekuja siku ya Sabato kumwonyesha mtoto wake mchanga, akalifunga nyuma ya bodaboda wakarudi nalo Ogembo.

Sasa huyo mtoto. Nyakerario alikufa Sharon akiwa bado mjamzito, na siku zake za mwisho kitandani bibi kizee alikuwa na neno hilo hilo asubuhi na jioni. "Huyo mtoto nitambeba. Siendi popote bila kumbeba." Lakini alikwenda. Mtoto akazaliwa Machi, mvulana mnene, mwenye sauti.

Mama Mose alikuja kesho yake. Hakubisha hodi. Alisimama langoni akiwa ameshika leso yake kifuani.

"Jana nimewasha moto," alinong'ona. "Nikageuka kuchukua sufuria. Kurudi, nakuta mama mkwe wako ameketi."

"Ameketi wapi?"

"Kwa kigoda changu. Anaota moto. Akaangalia nyumba yote, polepole. Akaniambia, 'Si hapa.' Akatoka."

Nyanchera alicheka. Kicheko kilitoka vibaya, hata yeye alikisikia. Akamwambia mwenzake ni uchovu, akapumzike. Ila Mama Mose alikuwa amekuja na zile kuni zilizobaki, akazitupa pale pale matopeni, wala hakutaka pesa zake.

Benter naye alifika alasiri, mvua ikinyesha, bila mwavuli. Huyu alitoka upande wa ziwa Februari, akafungua hoteli yake. Hakumkuta Nyakerario hai. Hakuwahi hata kuona picha yake.

"Mama Sharon, yule mzee wa kukosa kidole ni wa wapi?"

Kidole cha Nyakerario kilikatwa na panga zamani, cha mkono wa kushoto.

"Ameingia kwa jikoni yangu kama ni yake," Benter alisema. "Akaota moto. Akaenda kwa kitanda, akafunua watoto wangu blanketi, mmoja mmoja. Akasema kitu kwa Kikisii. Mpishi wangu ndiye aliniambia maana."

"Alisema nini?"

"Eti, 'Si hapa.'"

Benter alipoondoka, Nyanchera alibaki amesimama kwenye mvua. Bibi alikuwa akizifuata kuni zake. Moto ukiwashwa, anaingia. Na anachotafuta, Nyanchera alikijua. Tangu utotoni Nyanchera alisikia kwa mama yake kwamba mtoto mchanga akibebwa na marehemu, harudishwi.

Fungu lililobaki lilikuwa Ogembo.

Alipiga simu. Akakosea namba mara mbili. Sharon alishika, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mama, polepole. Ndiyo kwanza mtoto amelala."

"Zile kuni, umewasha?"

"Ndiyo, sasa hivi. Zinawaka vizuri, hata hazina moshi."

"Zima! Sharon, mwaga maji! Mbebe mtoto utoke nje!"

Moto ulisikika ukilia ndani ya simu. Kisha sauti nyingine, karibu kabisa na simu. Sauti ya kizee. Sauti iliyoridhika.

"Ni hapa."

Simu ikakatika.

Hajui alivyopanda bodaboda. Anakumbuka matope yakimrukia usoni, na mwenye pikipiki akimwomba asimshike shingo. Alilia njia nzima. "Mungu wangu, nichukue mimi. Nichukue mimi, mwache mtoto." Kilima kimoja. Kingine. Daraja. Mvua.

Mlango wa Sharon ulikuwa wazi.

Sharon ameketi sakafuni, mgongo ukutani, usingizi mzito. Kitanda kitupu. Blanketi limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Jikoni moto unawaka. Kigoda kando ya mafiga. Hakuna mtu juu yake. Lakini kilikuwa na joto, Nyanchera alikigusa.

Mtoto alikuwa chini, kando ya moto, macho wazi. Anatazama juu ya kigoda. Anatabasamu.

Nyanchera alimnyakua. Ana joto. Anapumua. Uhai upo! Akamwaga ndoo nzima ya maji motoni, akaburuta nguzo nyeusi akazitupa nje, akapiga kelele ya furaha iliyomwamsha Sharon. Binti hakukumbuka chochote baada ya simu. Walikumbatiana pale wakilia, mtoto katikati yao, na Nyanchera akamshukuru Mungu kwa kila jina alilolijua.

"Mnyonyeshe," akasema. "Mnyonyeshe upesi."

Sharon alimpa ziwa. Mtoto akageuza uso. Akampa la pili. Akageuza uso tena, akapiga mbweu, mbweu nzito ya mtu mzima aliyetoka mezani. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitu cha kahawia. Nyanchera alikifuta kwa kidole, akakinusa. Ugali wa wimbi, umetafunwa ukalainika, kama bibi wa zamani walivyowalisha wajukuu. Nyumbani mwa Sharon hakukuwa na wimbi. Hakukuwa hata na unga.

Onyiego alirudi kutoka Nairobi. Nguzo zilirudishwa nyuma ya migomba, hata vijipande vyake, zikafukiwa pale jiko liliposimama. Mchungaji akaomba, watu wakaimba. Nyanchera hauzi kuni tena, hata ukimpigia magoti. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona bibi, wala kusikia sauti yake.

Mtoto hanyonyi. Tangu siku ile, hajawahi. Maziwa ya Sharon yalikauka, na chupa huitema. Kliniki wanampima kila mwezi na kumsifu mama yake kwa kumlea vizuri, kwa sababu ananenepa. Ananenepa sana.

Jioni jioni, kabla Sharon hajawasha moto, mtoto hufungua mdomo na kuanza kumeza. Nyanchera akiwapo, humfuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa hutoka na rangi ya kahawia.