Sapatu za Idrisi

Magharibi, Ghita alitoka kuchukua mikate yake kwenye tanuri la mtaa. Mji wa Fesi ulikuwa na baridi, mawe ya kichochoro yamelowa. Alivaa nyeupe ya eda, kanzu ya kupitisha kichwani tu, haina hata kifungo.

Nyuma yake... pwa. Pwa. Pwa.

Miguu mitupu.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Ila harufu ya ngozi, ile ile ya mikono ya Idrisi, marehemu mumewe, mshona sapatu.

Mlangoni pake alisimama Lalla Tamo, bibi jirani, mke wa mwosha maiti, na bakuli la supu. Alikuwa amelifunga kwa shali yake lisipoe, na mwenyewe anatetemeka.

"Kunywa, mwanangu. Umekonda mpaka kanzu ndiyo inayokuvaa wewe."

Ghita akatabasamu kidogo.

Bibi akashusha sauti. "Nguo na viatu vya marehemu huwa anapewa aliyemwosha. Mzee wangu hakuona viatu."

"Nilitoa vyote, Lalla."

"Haya. Maana vikibaki ndani, mwenyewe atavifuata."

Bibi akaenda zake. Ghita alikuwa amedanganya. Sapatu zilikuwa chini ya godoro. Kila akilala aliingiza mikono ndani yake, akapapasa alama za vidole vya Idrisi.

Alipoingia chumbani, moyo ulimlipuka. Binti yake mdogo, Batul, alikuwa amezivaa.

"Mama, zimenitosha."

Sapatu za mwanamume mzima... zimemkaa sawasawa. Ghita akavuta. Viatu visivyo na kamba, ambavyo hutoka kwa kutikisa mguu tu, vikang'ang'ania.

"Baba anasema twende," mtoto alinong'ona, akiufuata mlango.

Pwa. Pwa. Kwenye ngazi.

Ghita akapiga magoti.

"Idrisi... ni mimi niliyezificha. Nilitaka nibaki na kitu chako. Zichukue, mpenzi wangu. Niachie mtoto."

Hatua zikakoma.

Sapatu zikadondoka.

Akazitoa nje, akafunga mlango, akauegemea akilia. Akasikia... chap, chap, chap. Zinashuka. Hazikusimama hata kidogo.

Asubuhi hazikuwepo. Lalla Tamo aliapa hakuzigusa.

Mguu mmoja wa Batul haujapata joto mpaka leo. Usiku Ghita huukumbatia kifuani, na hajui kama anaupasha moto, au bado anamshikilia Idrisi.