Bolti Ndefu Mahali pa Fupi

Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia ua na kuosha vyombo, Sikio alivaa shati kuukuu la baba yake na kwenda kumsaidia kwenye lori. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo la utani alipewa na baba, kwa kuwa aliweza kusikia tairi likivuja upepo kabla ya mtu mwingine yeyote. Masikio ya baba yalikuwa yamechoshwa na ngurumo za miaka mingi, hivyo binti ndiye aliyemsikilizia injini.

Asubuhi hiyo baba alikuwa akibadilisha pampu ya maji yanayopoza injini, kwa mikono yake mwenyewe. Pampu mpya aliletewa na mdogo wake, ambaye Sikio alimwita baba mdogo. Nyuma ya lori, makreti ya nyanya za jirani yalikuwa yameshapakiwa, nayo yalipaswa kufika sokoni mchana huo.

Baba na binti walikuwa na utaratibu wao wa kazi. Baba alichora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi, akatoboa matundu kulizunguka, na kila bolti aliyoifungua alimpa Sikio aichomeke kwenye tundu lake. Nyingine zilikuwa ndefu, nyingine fupi, na kila moja ilikuwa na mahali pake.

"Boksi hili ndilo ubongo wangu," baba alisema. "Likivurugika, mimi ni kichaa mwenye spana."

Baba akaingia ndani kunywa maji. Barabarani watoto walishangilia bao. Sikio aligeuka mbio kuchungulia, goti lake likagonga boksi, na bolti zote zikamwagika mchangani. Alizikusanya haraka, akazifuta kwa shati, akazichomeka kwa kubahatisha.

"Tayari, mwanangu?" baba aliuliza aliporudi.

"Tayari, baba."

Baba alifunga pampu, akajaza maji, akawasha injini. Ilinguruma kidogo, kisha ikaanza: tak-tak-tak-tak! Ni kama kuna mtu aliyefungiwa ndani akigonga kwa kijiko.

Baba akachukua kipande cha mpira wa maji, akamshikisha Sikio ncha moja sikioni. Ncha nyingine akaipitisha polepole juu ya injini, sehemu moja baada ya nyingine. Nyuma, sauti ilikuwa ndogo. Katikati ilipanda. Mpira ulipofika mbele, karibu na pampu, mlio ulimpiga Sikio sikioni kama nyundo. Alijua.

"Inatoka wapi?"

"Huku... nyuma, baba. Karibu na gia boksi."

Baba hakuuliza mara mbili. Aliamini masikio hayo kuliko yake. Akajilaza chini ya lori, akafungua hiki, akakaza kile, oili ikimdondokea usoni. Akawasha. Tak-tak-tak! Akarudi tena chini. Jua lilipanda, turubai likapata moto, na harufu ya nyanya zinazoanza kulainika ikajaa uani.

Mama jirani, mwenye nyanya, alikuja akishika kiuno. "Shemeji, niambie ukweli. Mavuno yangu yote ya wiki hii yamo humo ndani. Zikioza, leo sina kingine cha kuuza."

"Zitafika," baba alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Hapo ndipo baba mdogo alipotokea, akitabasamu. "Kaka, lori linacheza muziki siku hizi?"

Baba alikuwa ameona maji yakidondoka kutoka kwenye pampu. Akasimama na hasira zake zote. "Pampu yako ndiyo inayocheza! Umeniletea takataka!"

"Takataka? Nimeibeba begani kutoka mjini, leo imekuwa takataka?"

"Lori halikuwa na mlio huu kabla ya pampu yako."

"Sema tu kwamba nimekuibia, kaka. Umebakiza neno hilo moja."

"Toka! Toka uani kwangu!"

Baba mdogo akageuka, akaondoka bila kuaga. Sikio alipiga hatua mbili kumfuata, kisha akarudi kusimama kando ya lori.

"Baba Sikio, huyo ni ndugu yako," mama alisema kutoka mlangoni.

"Ndugu gani anayeniua?" Baba akaketi chini, akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Sikio hakuwahi kumwona hivyo. Maji mekundu ya nyanya yalianza kudondoka chini ya lori, tone kwa tone.

Ghafla baba akainuka. "Naondoka nalo hivyo hivyo."

"Na mteremko ule wa kwenda sokoni?" mama akapiga kelele. "Likikufia mteremkoni na mzigo wote huo?"

"Bora life likiwa kazini!" Akapanda, akawasha. Tak-tak-tak-tak!

Sikio akakimbia, akasimama mbele ya lori, mikono ameinyoosha. "Baba, zima! Zima! Ni mimi!"

Injini ikanyamaza.

"Niliangusha boksi," alisema huku analia. "Nilizirudisha bolti kwa kubahatisha. Na sauti haitoki nyuma. Inatoka kwenye pampu. Nilikudanganya."

Baba alishuka taratibu, akachukua spana, akafungua pampu upya. Bolti moja ilitoka ikiwa ndefu mahali pa fupi, ncha yake imelika na kung'aa. Ilikuwa imepenya hadi ndani ya injini na kugonga meno ya gia iliyo nyuma ya pampu kila yalipozunguka. Palipohitaji ndefu pamewekwa fupi, isiyokaza vizuri, na hapo ndipo maji yalipovuja. Pampu ilikuwa nzima kabisa.

Baba alimulika tundu kwa tochi. "Gia imekwaruzwa tu," alisema, akashusha pumzi. "Ningefika mteremkoni, meno yangekatika."

Akamwaga oili iliyoingia chembe za chuma, akatia nyingine, akarudisha kila bolti mahali pake. Alipowasha, Sikio aliweka mpira sikioni.

"Hakuna kitu, baba. Ni injini tu."

Baba alinyoosha mkono, akauchukua mpira, akasikiliza mwenyewe kwa muda mrefu. Hilo lilimuuma Sikio kuliko kofi.

Kisha baba akatoka kwa miguu, haraka, bila hata kunawa. Alirudi akiwa na baba mdogo, na macho ya wote wawili yalikuwa mekundu.

"Msikilize vizuri baba yako," baba mdogo alisema.

Baba alichuchumaa mbele ya binti yake. "Kuangusha bolti si kosa kubwa. Mimi nimeziangusha mara nyingi. Ungeniita palepale, tungezipanga pamoja na tungekuwa tumeshafika sokoni. Uliponyamaza, mimi nikatafuta wa kumlaumu, nikamfukuza ndugu yangu bila hata kukagua kazi yangu mwenyewe. Hapo nimekosa mimi, na nimemwomba radhi. Ukiharibu kitu, sema mara moja, hata kama unaogopa. Uwongo uliowekwa ndani ya kazi huendelea kuharibu wakati sisi tunahangaika kwingine."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini nyanya hazikuwa zangu. Nenda kamwambie mwenyewe."

Sikio alimwendea jirani, akamweleza yote bila kuacha neno. Yule mama aliinua turubai. Makreti ya chini yalikuwa yamepondeka. Ya juu yalikuwa bado mazima.

"Zilizoharibika zimeharibika," alisema. "Hizi nzima ziende sokoni sasa hivi. Kesho utakuja shambani kunisaidia kuchuma zilizobaki, na ukiniangushia kreti, nataka nikusikie ukisema palepale."