Sepetu Iliyofungiwa Bandani

Jumamosi moja ya Aprili jua lilitoka hapa Dakota Kaskazini, Marekani, na mtaa wetu mzima ukapoteza akili. Ndivyo tulivyo. Theluji ikianza kuchuruzika kwenye mapaa tu, sisi tunavaa kaptura.

Curtis Haugen aliwasha jiko la mkaa uani akachoma soseji. Kisha alibeba sepetu yake ya theluji, akaifungia bandani nyuma ya nyumba.

Jirani yake, Loretta Azure, aliiacha yake ndani, kando ya mlango. Loretta ni zimamoto wa kujitolea.

"Mama Loretta!" Curtis akapaza sauti. "Hiyo sepetu unalala nayo? Ndiyo mchumba?"

Watu wakacheka.

"Cheka, baba," Loretta alisema. "Redio inasema dhoruba ya theluji inakuja kesho. Na bomba la moshi la hita yako liko chini mno, litafukiwa. Kengele ya kutambua gesi ya sumu inafanya kazi?"

"Inafanya."

Haikuwa ikifanya. Betri yake Curtis alikuwa ameitia kwenye rimoti ya televisheni, aangalie mpira wa magongo.

Na kwa nini bomba lilikuwa chini? Kwa sababu mwenye nyumba, anayetupangisha mtaa mzima, alitaka kazi ya haraka. Tulipolalamika alisema asiyependa ahame. Mwaka ule wa theluji ya Mei, jirani yetu mzee Torvald alikutwa amekufa kitini, bomba lake limefukiwa. Mwenye nyumba alileta maua msibani. Hakupandisha hata bomba moja. Yeye amesahau. Sisi hatujasahau.

Jumapili dhoruba ikaja kweli. Upepo ulirundika theluji ukutani hadi madirishani. Akina Haugen walijifungia ndani, hita ikinguruma. Baada ya chakula cha mchana, binti yao Signe akashika kichwa.

"Mama, kinaniuma."

"Hata changu," alisema Janelle, mama yake.

Curtis naye kilimgonga. Signe akatapika. Paka wao akashuka kitini, akapepesuka, akalala sakafuni.

"Ni mafua," Curtis alisema.

"Mafua gani yanampata hadi paka? Mpigie Loretta."

"Nimwambie nini? Jana nimemcheka mbele za watu."

"Curtis! Mtoto namwita haitiki!"

Curtis alishika simu. Aliitazama. Uso ulimwaka kwa aibu, na kidole hakikubonyeza. Janelle akampokonya, akampigia Loretta.

Loretta hakumngoja amalize. "Wote mnaumwa kichwa? Ni gesi! Zimeni hita, mbebeni mtoto, tokeni nje barazani sasa hivi. Chukueni blanketi tu. Msiende mbali, hamtaona njia. Naita gari la wagonjwa, nakuja na kamba."

Walitoka. Janelle alimkumbatia Signe na paka ndani ya blanketi. Curtis alikimbilia bandani kuchukua sepetu, afukue bomba. Mlango wa banda unafunguka kwa nje, na theluji ilikuwa imeuzika hadi kwenye kitasa. Akarudi, akanyakua trei ya kuokea mikate jikoni, akaanza kuchimba nayo theluji ukutani.

Hapo ndipo Loretta alipotokea, kamba kiunoni, sepetu mkononi. Aliiona trei. Curtis alingoja kejeli.

Loretta hakucheka. "Acha hilo. Mchukue mwanao, shikeni kamba, twende kwangu."

Greda la kusukuma theluji hufika mtaani kwetu mwisho, baada ya kwa wakubwa. Siku hiyo wazimamoto wenzake Loretta walilileta wao, gari la wagonjwa likifuata nyuma. Signe alivalishwa barakoa ya oksijeni. Baada ya muda akafumbua macho.

"Paka yuko wapi?"

"Yuko kwapani kwa baba," Janelle alisema, akaanza kulia.

Loretta aliwaeleza. "Hita huchoma gesi na kutoa moshi nje kwa bomba. Theluji ikiziba bomba, moshi unarudi ndani. Una sumu isiyo na rangi wala harufu. Unaumwa kichwa, unatapika, unasinzia, basi. Mkiona nyumba nzima inaumwa pamoja, tokeni kwanza, ndipo mpige simu. Na jiko la mkaa au jenereta, kamwe msiwashe ndani, wala gerejini." Akamgeukia Curtis. "Kengele haikulia?"

Curtis aliinamisha kichwa. "Betri iko kwenye rimoti."

Janelle alimtazama mumewe. Jicho hilo lilimkata Curtis kuliko matusi.

"Aibu hiyo usikae nayo hapa mezani kwangu," Loretta alisema. "Itembeze nyumba kwa nyumba."

Dhoruba ilipopita, Curtis aligonga kila mlango mtaani. Masikio yakiwa mekundu, alisimulia habari ya rimoti na ya trei, kisha akaomba kuona kengele. Kengele za watu wengi zilikuwa kimya kama yake. Halafu tulikwenda wote pamoja kwa mwenye nyumba, Signe mbele. Safari hii hakuthubutu kutuambia tuhame. Kabla ya baridi iliyofuata, kila bomba lilipandishwa juu.

Aprili imerudi, jua limetoka. Curtis anachoma soseji, na sepetu yake imeegemea ukuta ndani, kando ya mlango.

"We Curtis, huyo ndiye mchumba?" jirani mgeni anamtania, akiionyesha sepetu.

"Ndiye," Curtis anajibu. Hacheki. "Hebu nionyeshe kengele yako."