Fundi Valentin na Uvimbe wa Tumbo

Valentin ni fundi cherehani mjini Gisenyi. Anashona suti za harusi katika chumba kimoja karibu na soko. Wateja wengine ni wa mjini, wengine wanashuka kutoka Mudende na Bugeshi. Mke wake, Jovia, anauza vifungo, uzi na zipu hapo hapo mlangoni. Jovia alizaliwa Karagwe, Tanzania, akaja Rwanda akiwa msichana. Anapenda sana kuuliza maswali.

Valentin hukata kitambaa akiwa amesimama. Lakini mwaka juzi alianza kukata akiwa amekaa. Akipanda njia ya kwenda nyumbani, alisimama mara tatu kuvuta pumzi. Alikula viazi viwili tu na kusema ameshiba.

"Papa Bella, umekonda," Jovia alimwambia. Bella ni binti yao.

"Ni vidonda ya tumbo tu," Valentin alijibu. "Niko na dawa."

Dawa hiyo alijinunulia mwenyewe. Ikiisha, alinunua nyingine. Alimeza miezi mitano. Hakwenda kupima hata mara moja.

Jumatatu moja asubuhi alikuwa anampima mteja mabega. Ghafla macho yake yaliingia giza. Mteja alimdaka kabla hajaanguka.

Jovia alimwita jirani yao, Nadra. Nadra ni mhudumu wa afya wa mtaa. Alikaa karibu na Valentin, akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Fundi, nitakuuliza kitu, usione haya," Nadra alisema. "Ukienda chooni, choo iko rangi gani?"

Valentin aliangalia sakafu. "Nyeusi."

"Nyeusi namna gani?"

"Kama lami ya barabara. Na inanata."

"Unameza vidonge ya kuongeza damu? Hiyo pia inageuza choo kuwa nyeusi."

"Hapana."

"Imeanza lini?"

"Mwezi ya pili."

Jovia alishtuka. "Hukuniambia."

"Mutu anaambia bibi yake mambo ya choo?" Valentin aliuliza kwa sauti ndogo.

Nadra hakucheka. "Damu ikivuja tumboni, inatoka chini ikiwa nyeusi," alieleza. "Pengine ni kidonda. Pengine ni uvimbe. Mi sijui, na we hujui. Mutu hawezi kujua bila kipimo. Twende hospitali sasa hivi."

Walikwenda wote watatu. Hospitali ya wilaya ilipima damu ya Valentin na kukuta ni kidogo mno. Aliongezewa damu siku hiyo hiyo. Kisha waliandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa ya Kigali. Kadi yao ya mituweli, yaani bima ya afya, ilikuwa hai, kwa hiyo safari haikuchelewa.

Kigali walipokewa na Daktari Rwema, daktari wa upasuaji. Alisema kwanza ataangalia ndani ya tumbo kwa kamera ndogo. Kamera hiyo iko kwenye mwisho wa mpira mwembamba. Mgonjwa hali chakula usiku uliotangulia, ili tumbo liwe tupu.

Valentin aliuangalia ule mpira. "Hii itapita kooni kwangu?"

"Itapita," daktari alisema. "Tutapuliza dawa ya ganzi kooni. Utasikia kichefuchefu kidogo, lakini hutaumia. Pumua polepole."

Kazi hiyo ilichukua muda kama wa kushona vifungo vya shati moja. Ilipokwisha, Jovia aliomba kuona. Daktari aligeuza skrini.

Ukuta wa tumbo ulikuwa wa rangi ya waridi, unang'aa. Katikati palikuwa na uvimbe kama yai la kuku. Juu yake palikuwa na kidonda kidogo, na damu ilikuwa inatoka taratibu.

Jovia alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Miezi mitano walikuwa wanapigana na kitu wasichokijua. Sasa alikuwa anakiona kwa macho yake.

"Kwa hiyo dawa za vidonda zisingekiondoa hata angemeza mwaka mzima," alisema.

"Zisingekiondoa," daktari alijibu. "Zilipunguza maumivu tu. Huku uvimbe ulikuwa unakua."

Daktari alichukua vipande vidogo vya uvimbe na kuvipeleka maabara. Valentin alipigwa pia picha ya skani, ili ijulikane kama ugonjwa umefika mahali pengine. Baada ya wiki mbili waliitwa.

"Ni aina ya kansa inayoota kwenye ukuta wa tumbo," Daktari Rwema alisema.

Valentin alifunga macho. "Basi nimekwisha."

"Subiri nimalize. Kansa ni za aina nyingi. Hii yako haijasambaa. Nikiikata yote, una nafasi nzuri ya kupona. Nitatoa uvimbe pamoja na nyama kidogo yenye afya pembeni yake, ili nisiache mbegu yoyote ya ugonjwa."

Valentin alifumbua macho. "Kama mi ninavyoacha pindo ya kitambaa."

"Hivyo hivyo, fundi."

Kabla ya upasuaji alikuja muuguzi anayeitwa Isimbi. Alikuwa anafanya utafiti juu ya uvimbe wa tumbo. Aliomba ruhusa ya kuchunguza sehemu ya uvimbe wa Valentin na kuandika habari za ugonjwa wake.

Jovia alikunja uso. "Mnataka kumfanyia majaribio?"

"Hapana, mama. Matibabu yake hayabadiliki. Uvimbe utatolewa tu, na sisi tutajifunza kutokana nao. Jina lake halitaonekana. Akikataa, atatibiwa vilevile. Akikubali leo na kesho akabadili mawazo, anajitoa."

"Mnatafuta nini hasa?"

"Tunataka kujua kwa nini watu wengine wanakuja mapema na wengine wanachelewa. Na dawa ipi inafaa uvimbe upi."

Jovia aliuliza maswali mengine tisa. Isimbi alijibu yote. Valentin akachukua kalamu, akatia sahihi.

Siku ya upasuaji Jovia alingoja kwa saa nne kwenye benchi. Daktari Rwema alipotoka, kofia yake ilikuwa imelowa jasho.

"Tumeutoa mzima," alisema. "Sehemu kubwa ya tumbo lake imebaki."

Jovia alitaka kusema asante, lakini alijikuta amemkumbatia muuguzi aliyekuwa anapita.

Majibu ya maabara yalisema pembeni mwa nyama iliyokatwa ni safi, hapana ugonjwa. Valentin alipewa vidonge vinavyofaa aina yake ya uvimbe. Alifundishwa kula chakula kidogo mara nyingi. Kila baada ya miezi michache alirudi kupimwa. Damu ilipanda, uso ukajaa. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji alikata suti nzima akiwa amesimama.

Mwaka mmoja baadaye, Isimbi aliwaita wagonjwa wote wa utafiti Kigali ili waambiwe kilichopatikana. Aliweka picha kubwa ukutani. Ilikuwa na nukta nyingi.

"Kila nukta ni mtu mmoja," alisema. "Walio kushoto walipimwa mapema. Walio kulia walichelewa, na wengi wao uvimbe ulikuwa umesambaa. Tuliwauliza walifanya nini kwanza. Wengi walikuwa wanameza dawa za vidonda bila kupima. Habari hizi mmetupa ninyi. Sasa tunazipeleka kwa wahudumu wa afya, wazitumie."

"Mi ni nukta gani?" Valentin aliuliza.

"Hata mimi sijui. Majina hayapo."

Valentin na Jovia walisimama mbele ya ile picha kwa muda mrefu. Upande wa kushoto ulikuwa na nukta chache sana.

"Hapa kungali na nafasi," Valentin alisema. Akatoa simu, akampigia binamu yake Bizumuremyi, mkulima wa viazi huko Bugeshi. Bizumuremyi alikuwa anameza dawa za tumbo tangu sikukuu ya Pasaka.

"We sikia," Valentin alimwambia. "Acha viazi kidogo. Kesho unaenda hospitali. Hapana, si dukani. Hospitali. Mi nitakupeleka."

Bizumuremyi alipimwa kwa kamera wiki mbili baadaye. Kilikuwa kidonda cha kweli, kilicholetwa na vijidudu. Alipewa dawa sahihi ya siku kumi na nne, akapona. Sasa watu wa Bugeshi wakilalamika tumbo, yeye ndiye anayewaeleza jinsi kamera inavyopita kooni, na anaeleza kama daktari aliyesomea.